Vidonge Sita vya Magharibi

Kila asubuhi, katika wodi ya wanawake, Tabia binti Ame aliwauliza watu thelathini habari za choo chao na hakuona haya hata chembe. "Umekwenda choo, Bibi? Kilikuwaje? Rangi yake?" Wengine walicheka, wengine walijifunika kanga usoni, lakini wote walijibu. Ndiyo kazi. Sista Mwanapili, mkuu wa wodi, alizoea kusema kuwa nesi asiyeuliza choo ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi, na Tabia alikuwa nesi hodari.

Nyumbani Kikwajuni alikuwako mtu mmoja ambaye asingethubutu kumuuliza swali hilo hata kwa kisu shingoni. Mkwewe. Mzee Mcha akitoka chumbani na kopo lake la maji, Tabia, popote alipo, aligeuza uso ukutani akajifanya anafagia, anapepeta mchele, anatafuta sindano iliyoanguka. Mzee naye alipita kwa kunyata, kopo kalibana ubavuni kama mwizi wa kuku. Miaka saba walikaa hivyo, nyumba moja, ua mmoja, choo kimoja, na majirani wakawasifu kwa adabu zao. Adabu hiyo ndiyo iliyokaribia kumuua mzee wa watu.

Mzee Mcha alikuwa mwashi wa chokaa. Mkono wake umepita katika kuta nyingi za Mji Mkongwe, lakini mwaka ule wa sabini na moja hakuna aliyekuwa akijenga kwa chokaa. Kilichojengwa ni majumba marefu ya Michenzani, naye akaandikwa huko kukoroga saruji pamoja na vijana walio sawa na wajukuu zake. Magoti yakamuasi. Ilifika hadi kushuka kitandani ni kwa kushika ukuta, na siku za baridi akisujudu hainuki mpaka ainuliwe. Asprini madukani zilikuwa hazionekani, na hospitali ukienda unapewa za siku moja na kuambiwa urudi.

Wagonjwa wa Tabia wakiruhusiwa kwenda kwao huacha vidonge vyao katika vikombe. Kanuni inasema virudishwe kabatini. Tabia akawa anavirudisha vyote, ila asprini. Hizo alizifunga katika kipande cha gazeti akazitia mfukoni mwa gwanda lake jeupe. Hakumpa mzee mkono kwa mkono; mkwe hapewi dawa hivyo. Alimpa mama mkwe wake, Bi Kidawa.

"Mwambie Baba ni sita kwa siku. Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Na asinywe kabla hajala, Mama, zitamchoma tumbo."

"Ntamwambia."

Bi Kidawa alimwambia neno kwa neno. Wiki ya pili Mzee Mcha alikwenda Michenzani bila ya bakora, akirudi anaimba kasida. Tabia, akiwa jikoni, alimsikia akipanda ngazi ya mlango kwa hatua moja, akatabasamu peke yake. Kila wiki akaleta kipande kingine cha gazeti.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani. Watu wakaulizana habari za tende na mchele wa foleni. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeuliza habari za vidonge.

*

Ilikuwa mwezi kumi na nane, baada ya sala ya alasiri. Bi Kidawa alikuwa uani akikuna nazi ya muhogo wa futari. Tabia ndiyo kwanza ametoka kazini, hajavua hata viatu. Mara likasikika kopo likianguka chooni, likabiringika, likanyamaza.

"Baba Simai?" aliita Bi Kidawa. "Baba Simai, we!"

Tabia aliufikia mlango kabla yake, akausukuma. Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, kikoi kimemfunguka, uso umekuwa wa jivu. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba Tabia hakugeuza uso ukutani. Alipiga magoti akashika mkono wa mzee akatafuta mapigo. Yalikuwa mbio, mepesi, yanampotea vidoleni.

"Ondoka, mwanangu," alinong'ona mzee. "Ondoka, usinitazame."

"Baba, wapi panauma?"

"N'shasema usinitazame!"

Alikuwa akilia. Si kwa maumivu. Kwa mkono dhaifu alikuwa akilivuta lile kopo alifunike tundu la choo, asione mtu kilichomo. Bi Kidawa aliingia, akamsukuma Tabia nje kwa bega na kummwagia mumewe maji, akamwaga na chooni, ndoo nzima, haraka haraka.

Simai, mume wa Tabia, alikuwa amelala, maana zamu yake ya ukuli bandarini ilikuwa ya jioni. Alikurupuka akaenda kuazima mkokoteni wa muuza maji. Wakamlaza mzee juu ya mkeka, wakamsukuma kuelekea hospitali mjini. Njia ilipita Michenzani. Mafundi walikuwa juu ya majukwaa, na mmoja akapiga ukelele: "Si Mzee Mcha yule? Saumu imemshinda!" Wengine wakacheka, hawakujua. Mzee alivuta kanga ya mkewe akajifunika uso, akabaki nayo hivyo mpaka hospitali kama maiti anayepelekwa kaburini.

*

Dokta Muhiddin alikuwa kijana, amefunga, midomo imemkauka, na nyuma ya mzee kulikuwa na foleni ya watu wasiopungua ishirini. Alimfunua mzee kope.

"Mzee wangu, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Situmii dawa mie."

"Hata ya kienyeji?"

"Hata maji ya zamzam."

"Choo unapata vizuri?"

Mzee Mcha alitazama mlangoni, alikokuwa amesimama Tabia na gwanda lake jeupe. "Alhamdulillahi," alisema. "Choo kizuri."

"Nini basi kinakusumbua?"

"Magoti tu, mwanangu. Na kizunguzungu. Na haya masikio, yananivumia kama nnakaa kiwanda cha mafuta."

Daktari aliandika. Hana damu mwilini, safura ya minyoo; amekwisha kuona wengi kama yeye kutoka shamba na mjini. Dawa ya minyoo. Vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Asprini mbili, mara tatu, kwa ajili ya magoti. Alazwe, atazamwe kesho. Huyo akaenda kwa mwingine. Usimlaumu, mtu akiulizwa na daktari akaapa hivyo, daktari afanye nini?

Wodi ya wanaume Tabia hakuwa na kazi nayo. Alisimama ukumbini nje, akiambaa ukuta, maneno ya masikio kuvuma yakimzunguka kichwani. Alikuwa amekwisha kuyasikia. Siku nne nyuma, wakati wa kufuturu, mzee alimuuliza Bi Kidawa ni nani anayepiga baragumu nje, na nje hapakuwa na baragumu. Watoto wa Tabia walicheka. Tabia naye alicheka. Mgonjwa wa wodini angemwambia neno lile, angeweka sinia chini palepale na kumuuliza anakunywa asprini ngapi.

Bi Kidawa alimshika mkono akamvuta nyuma ya nguzo.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Kanikataza lakini nnaogopa."

"Niambie, Mama."

"Choo chake kibaya. Siku ya tano leo. Cheusi, kinanata, kama ile lami wanayomwaga barabarani. Na harufu yake, Mungu nisamehe. Vikoi nafua usiku, nyie msione. Kaniapiza: usimwambie mtoto wa watu, nitamtazama vipi uso?"

Tabia alimshika mabega. "Na vidonge, Mama? Vidonge anakunywa vipi?"

"Si kama ulivyosema? Sita."

"Saa ngapi? Na yeye kafunga!"

"Ndo maana," alisema Bi Kidawa, akishangaa kuulizwa jambo lililo wazi hivyo. "Za mchana haramu. Anazilipa usiku, kama siku za funga zinavyolipwa. Mtu hawezi kuziacha, si amri ya hospitali? Ikiadhiniwa tu, anazinywa zote sita na funda la maji, ndo anafungulia nazo. Anasema akila kwanza magoti hayamuachii kusujudu Magharibi. Kisha anasali, akirudi anakula kidogo. Muhogo wake anawagawia watoto, anasema tumbo linamchoma."

Sita kwa mpigo. Tumbo tupu la mchana kutwa. Siku kumi na saba. Tabia aliona yote mara moja: kidonge kinavyochoma ngozi ya tumbo, na damu nayo, ambayo asprini huilegeza isigande, inavyovuja tone baada ya tone, ikishuka chini na kugeuka lami. Mzee hakuwa na safura. Mzee alikuwa akivuja. Na kule ndani vidonge vya chuma ambavyo navyo hufanya choo kiwe cheusi. Akishavinywa, hata anayekitazama kesho hatashtuka. Na asprini mbili zaidi.

"Nakwenda kumwambia daktari," alisema.

Simai alikuwa amewasogelea, kasikia. Alimzuia njia. "Umwambie nini?"

"Kwamba baba'ko anakula asprini."

"Atakuuliza kazipata wapi."

"Ntamwambia."

"Tabia, una akili weye?" Alishusha sauti, watu walikuwa wakipita. "Mwezi uliopita mtu kakamatwa kwa kilo mbili za sukari, mpaka leo mkewe hajui yuko wapi. Mali ya serikali hii. Dawa! Utakwenda weye, nitafukuzwa mie, na wanetu watalelewa na nani? Kaa kimya. Mnyang'anye hizo dawa kwa siri, uzitupe."

"Nikizitupa damu itasimama? Anataka chupa za damu, Simai, leo hii, na wao wamemwandikia minyoo. Atakufa na karatasi ya minyoo."

"Pengine hatakufa."

"Pengine," alisema Tabia.

Simai akakaa chini sakafuni, mtu mzima, mikono kichwani. Hakusema nenda wala usiende. Nje jua lilikuwa limeshuka juu ya mapaa ya mabati, na wagonjwa wenye ndugu walikuwa wakifunguliwa mabakuli ya futari.

*

Kurwa, nesi wa kiume, alimletea Mzee Mcha dawa zake saa kumi na moja, na mzee akakataa kuzimeza. "Nimefunga, mwanangu. Ziache hapo." Kurwa akamwambia mgonjwa ameruhusiwa kula. Mzee akasema yeye anajua alichoruhusiwa. Basi Kurwa aliziacha juu ya kimeza, katika kikombe, pamoja na gilasi ya maji.

Tabia alipoingia, muadhini alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo. Mzee Mcha alikuwa ameegemea mto, asprini mbili na cha chuma kimoja katika kiganja cha kulia, gilasi katika kushoto, midomo ikisoma dua. Allahu akbar ya kwanza ikapigwa. Akapeleka kiganja kinywani.

Tabia alimshika mkono. Hakuwahi kumgusa kabla ya siku ile. Alivikunjua vidole vyake kimoja kimoja, vidole vigumu vya mwashi, akavitoa vidonge.

"Kunywa maji tu, Baba. Hizi si zako."

Kisha akageuka, maana Dokta Muhiddin alikuwa kitanda cha tatu, tende mdomoni. "Dokta," alisema kwa sauti, "mgonjwa huyu hana minyoo. Anavuja damu tumboni. Siku kumi na saba anakunywa asprini sita kwa mara moja, kabla ya kula. Choo chake cheusi, siku ya tano leo."

Daktari alitema kokwa. "Kaniambia hatumii dawa."

"Anatumia."

"Muongo!" Mzee Mcha alijaribu kuinuka. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Dokta, usimsikilize, mwanamke huyu amechanganyikiwa. Sijapewa dawa na mtu mie. Sijapewa na mtu!"

Hapo wodi nzima ikaelewa. Watu walioacha kutafuna walimtazama Tabia, gwanda lake, kofia yake, mfuko wake.

"Nimempa mie," alisema Tabia. "Nimezitoa wodi ya wanawake."

Mzee alilia kwa sauti kama mtoto. Alikuwa amesema uongo mbele ya daktari, ndani ya Ramadhani, yeye ambaye hakuwahi kudanganya hata kipimo cha chokaa, na uongo wenyewe haukumsaidia mtu. Daktari akaitisha pazia na glovu. Tabia alitoka nje. Hilo lilikuwa bado la kumstahi mkwewe. Alisikia nyuma ya pazia sauti ya mzee ikisema, "Astaghfirullah, astaghfirullah," kisha daktari akitoka mbio, kidole cha glovu kimekuwa cheusi, akiita: "Kurwa! Futa asprini yote hapa! Chukua damu ya kulinganisha! Ndugu zake wako wapi?"

Chupa ya kwanza ya damu ilitoka mkononi mwa Simai. Alinyoosha mkono bila kumtazama mkewe. Chupa ya pili ilitafutwa usiku kucha.

*

Asubuhi Sista Mwanapili alimwita Tabia chumba cha dawa, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyemfundisha Tabia kushika sindano.

"Yu hai," alisema. "Kurwa katoa chupa ya pili. Wanampa maziwa na dawa nyeupe ya tumbo. Sasa nipe funguo."

Tabia alizifungua kiunoni akaziweka mezani.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ningekuomba, Sista, ungenipa?"

"Nisingekupa." Sista Mwanapili alizichukua zile funguo, akazitazama. "Lakini ningekuuliza. Mtu mwenyewe ana miaka mingapi. Tumbo limewahi kumuuma. Anakula nini, na saa ngapi. Ningekuuliza anafunga au hafungi. Maswali unayowauliza wanawake wangu kila siku, Tabia! Mgonjwa wa kitanda namba tisa hujui hata jina la babake, lakini choo chake unakijua. Na mzee unayekula naye sahani moja?"

"Ni mkwe wangu."

"Alikuwa mgonjwa wako."

Tabia angepigwa kofi lisingemuuma kama neno lile.

"Ripoti nimeandika," alisema Sista, na macho yake yalikuwa mekundu. "Watu wazima thelathini wamekusikia. Nisipoandika mie, ataandika mwingine, kisha tutakwenda wawili. Nisamehe. Vua kofia."

*

Mzee Mcha alirudishwa nyumbani mwezi ishirini na saba. Hakuna aliyemcheka njiani. Siku zilizobaki za Ramadhani nyumba ilikuwa kama ina matanga yasiyo na maiti. Simai alikula, akalala, akaenda kazini, akarudi. Kwa mkewe hakuwa na zaidi ya "weka hapo" na "sawa". Kila mlango ukigongwa, Bi Kidawa alidondosha kilichomo mkononi. Tabia alipika uji laini, akaupoza, akampa Bi Kidawa ampelekee mzee. Mzee alipotoka na kopo lake, Tabia aligeuza uso ukutani. Hata sasa! Mara mbili alifungua mdomo amuulize, mara mbili akaufunga, akajichukia.

Walikuja asubuhi ya Idi mosi, watu wawili wenye mashati meupe, na karatasi. Hawakuwa wakali. Mmoja hata alisema Idi mubarak. Barazani mote majirani walikuwa wamekaa na nguo zao mpya, watoto na makopo ya bati wakiomba sikukuu, na mtaa mzima ukawageukia.

"Tabia binti Ame anatakiwa ofisini."

"Atarudi lini?" aliuliza Simai.

"Hilo sisi hatukuambiwa."

Bi Kidawa alianza kulia kwa kwikwi. Mzee Mcha alikuwa kwenye kiti barazani, kanzu ya Idi inamwelea mwilini. Alijikongoja akasimama. "Nichukueni mie. Aliyekula mie. Mtoto huyu katumwa na magoti yangu."

"Kaa, Mzee. Jina si lako."

Simai alikwenda chumbani, akarudi na buibui la mkewe. Hakumpa tu, alimvisha mwenyewe mbele za watu, akamfunga ukaya wa kichwani vizuri chini ya kidevu, na mikono yake ilikuwa ikikosea kamba. Hapo ndipo Tabia alipojua kwamba amesamehewa, na kwamba mumewe anaogopa kuliko yeye. Akawabusu watoto, akashuka ngazi. Kisha akasimama, akarudi mpaka mbele ya kiti cha mkwewe.

"Haya, twende, dada," alisema mwenye karatasi.

"Nna mgonjwa hapa. Subirini." Alimtazama mzee usoni, sawasawa, kama anavyowatazama wale wa wodini. "Baba. Asprini usinywe tena maishani mwako. Hata kichwa kikipasuka, hata akikupa daktari. Mwambie tumbo langu lilivuja. Umenisikia?"

"Naam, mwanangu."

"Masikio yanavuma?"

"Yamenyamaza."

Tabia alivuta pumzi. Mtaa wote ulikuwa ukisikiliza: wake za watu, vijana, mafundi wa Michenzani na kofia zao za Idi, na wale wawili wenye mashati meupe.

"Choo cha leo kilikuwaje, Baba?"

Mtu mmoja akaguna, "Laa ilaha." Bi Kidawa akajifunika uso kwa kanga. Mwenye karatasi aliangalia viatu vyake. Mzee Mcha akashika nguzo ya baraza, akanyooka kadiri magoti yalivyomruhusu, akajibu kwa sauti ile ya fundi anayeita aliye juu ya dari.

"Cha njano, mwanangu! Cha njano, na kigumu, tangu juzi!"

Tabia aliitika kwa kichwa, kama afanyavyo akimaliza kitanda kimoja kabla hajakwenda cha pili. Akavuta buibui lake, akawatangulia wale wanaume njiani.